Kistari cha Tarehe 22 Aprili

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja hapa, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Novemba 1958, mtoto wa mwisho wa mpima ardhi na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la kuvuja, na dada yake mkubwa, aliyeandika historia hii kwa elimu yake ya darasa la saba, anakumbuka kuwa tangu ana miaka mitano mdogo wake huyu ndiye aliyepanga sufuria chini ya matundu, akakaa kusubiri aone ipi itajaa kwanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1978, akahitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1983, na tarehe 2 Julai mwaka huo huo akaajiriwa ofisi ya hali ya hewa, chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha moja na meza mbili, moja yake, nyingine ya karatasi zake. Alikaa humo miaka thelathini na mitano akichunguza mvua za radi, zinaanzia wapi na zinaishia wapi, akaonyesha kwamba nusu ya maji ya mwaka mzima hapa kwetu hushuka katika siku kumi na mbili tu, jambo ambalo waliochimba mitaro ya mji huu hawakumuuliza, na mnaona wenyewe mitaro yenyewe.

Hakuwa mtu wa watu, tusidanganyane. Majirani walimwita Milimita, na siku moja mama wa nyumba ya pili alipomuuliza, "Milimita, nguo nianike au nisianike?" akamjibu kuwa mvua ina uwezekano wa asilimia sitini, yule mama akasema, "Haya, njoo unichagulie hizo asilimia arobaini za kuanika," naye, badala ya kucheka, akaenda kweli, akasimama mbele ya beseni akihesabu.

Tarehe 1 Januari 1990 alisimika kipimamvua uani kwake, kopo la chuma lenye mdomo mpana, na kuanzia hapo kila asubuhi, saa tatu kamili, alitoka kusoma maji ya tangu jana, akayaandika daftarini. Kwa ajili ya saa tatu hiyo alikataa masomo ya nje mara mbili, na mama yake mzazi alipozikwa, tarehe 5 Machi 1999, alifika watu wameshaanza kufukia, dada yake akamnunia miaka miwili mizima.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mwalimu, ambaye yupo hapa, amekaa kule nyuma, asante wifi kwa kuja. Mtoto wao wa pekee, wa kike, alizaliwa jioni ya tarehe 21 Aprili 1993, akafariki alfajiri iliyofuata, na ilipofika saa tatu mama yake aligeuka kumtafuta mumewe wodini, asimwone. Alikokwenda hakuna aliyeuliza, kila mtu alijiona anajua, tukamwambia mkewe kaenda kwenye kopo. Wifi aliondoka Juni 1994, marehemu hakujitetea hata kwa neno moja, akabaki na nyumba, sahani yake moja na redio ambayo alizungumza nayo ilipokosea utabiri.

Aliugua figo tangu Februari 2023, akalazwa tarehe 17 Julai 2024, na hakuomba matunda wala wageni, aliomba dada yake ahamie kwake asome kopo. Tarehe 6 Agosti goti lilimuuma dada, akachungulia dirishani, akaona uani pakavu, akaandika sifuri. Mgonjwa alipoletewa daftari alilitazama, akamtazama dada anavyochechemea, akasema, "Dada, hukutoka." Akajibiwa, "Goti." Akasema, "Basi weka kistari. Sifuri ni ya aliyekwenda akakuta hakuna kitu. Ambaye hakwenda, anaweka kistari." Alifariki tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa peke yake, muuguzi alikuwa kitanda cha pili.

Dada alipofungua madaftari kutafuta tarehe za historia hii, alifika mwaka 1993. Tarehe 21 Aprili, milimita kumi na nne. Tarehe 23, milimita tatu. Tarehe 22 pana kistari, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, na katika madaftari yote thelathini na matano mkono wake haukuchora kingine, hata siku ya mazishi ya mama. Saa tatu ile alikuwa wapi, hakuandika, na dada hawezi kuandika asichokiona, lakini uani hakuwa. Wifi, tulikudanganya bila kujua. Daftari lipo mezani kwake, ni lako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wenzake wa ofisini, hasa yule dereva aliyemletea ramani za mawingu kitandani, na majirani wote, pamoja na mama wa nyumba ya pili, ambaye leo ameanika bila kumuuliza mtu.

Asubuhi hii saa tatu sote tulikuwa hapa. Kopo halikusomwa, na kistari kimeshawekwa. Pumzika kwa amani, mdogo wetu, leo tumekuja kwako.