Kibao Kisicho na Namba ya Simu

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la donati la Bi Sophal, mtaa mkuu wa Talbot, Oklahoma. Ukikaa pale unauona uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo umesimama juu ya mapaa yote ya mji. Tuko wanne, wote wastaafu, kwa hiyo muda wa kufukuza makocha tunao. Mimi wananiita Posta, maana nilisambaza barua za mji huu miaka ishirini na tisa. Rada ni Lonnie Pruitt. Simu yake inafuatilia ndege ya chuo kila inakoruka, kwani hapa kwetu mtu anajua kocha mpya atatoka wapi kwa kuangalia ile ndege imetua wapi. Goti ni Darrell Whisenhunt. Alichezea chuo hadi mwaka sabini na nane, goti likavunjika, na tangu hapo hajatokea kocha wa kumridhisha. Wa nne ni Kibao, yaani Delbert Stroud, fundi wa kuandika vibao vya maduka. Herufi nyingi unazoziona mtaani ni mkono wake. Jumamosi ile ya Desemba alikuja wa mwisho, akakaa ukingoni, kofia imemfunika macho, na hatukumuuliza kitu kwa sababu habari tulikuwa nazo.

Habari yenyewe ni hii. Wiki tatu nyuma chuo kilimfukuza Kocha Rusk. Kocha mkuu akiondoka, huondoka na wasaidizi wake wote, na mmoja wa wasaidizi hao alikuwa Wade, mwalimu wa wakimbiaji, mume wa Carlene, binti pekee wa Kibao. Kocha mpya alitangazwa Alhamisi. Ijumaa alimpigia Wade simu ya dakika moja kumwambia hana nafasi kwake. Wade kapata kazi Montana, lori la mizigo linakuja Jumatatu, na mjukuu wa Kibao, Hattie, mwenye miaka sita, ataondoka nalo. Tangu jana Carlene hapokei simu za baba yake.

— Mimi nilijua tangu tarehe tatu Novemba, Rada alianza, simu mkononi. Ndege ya chuo ilitua Tulsa, ikakaa dakika arobaini, ikarudi. Dakika arobaini ni za kumuuliza mtu kama anataka kazi.

— Au za kuweka mafuta, nikamwambia.

— Posta, wewe baki na stempu zako.

— Mara ya mwisho ulitupeleka uwanja wa ndege na matarumbeta, tukampigia makofi mama mkwe wa mkuu wa chuo, anatoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga.

— Alifurahi lakini. Yule mama alitupungia mkono.

Kibao hakucheka. Kisa hicho kwa kawaida anakisimulia yeye, na huwa anaigiza ule mkono.

— Acheni mambo ya ndege, Goti akasema. Rusk kaondolewa na nyasi. Alikataa nyasi za plastiki, akasema zinawaunguza vijana magoti. Sasa kwenye bodi ya chuo kuna bwana mmoja ana kampuni. Kampuni ya nini?

— Ya nini?

— Ya mazulia. Nimemaliza.

— Hujamaliza kitu, Rada akamkata. Hayo ya nyasi ni madogo. Jiulize mkurugenzi wa michezo, huyu Kittredge, kasoma wapi. Kasoma Brandt. Mahasimu wetu. Yule bwana katumwa kuja kutuvuruga. Makocha watatu ndani ya miaka saba! Vijana wanafundishwa mchezo wa huyu, wakianza kuushika vizuri anakuja mwingine anawaambia sahauni yote. Wazuri wanahamia vyuo vingine, wanabaki wasio na pa kwenda. Halafu tunakaa jukwaani tunawazomea.

— Hapo kwa vijana umesema kweli, Goti akakubali. Lakini Kittredge hana akili ya kutumwa. Kittredge anaendeshwa na mke wake. Mwaka jana, kwenye chakula cha kanisani, mke wa Rusk alileta saladi ya viazi. Mke wa Kittredge naye kaleta ya kwake. Sasa kaulize bakuli la nani lilirudi tupu.

— La nani?

— La mke wa Rusk. Siku ile ile nilimwambia mke wangu, huyu kocha hamalizi mwaka.

— Kwa hiyo kocha kafukuzwa kwa viazi, nikasema.

— Cheka tu. Wakubwa wakikaa kwenye kile chumba chao cha vioo juu ya uwanja, unadhani wanaongea mpira?

Rada alijisogeza mbele. Namjua, akijisogeza hivyo ujue linakuja kubwa.

— Haya, tazameni ile saa ya uwanjani. Imesimama tangu walipomfukuza Pell, kocha wa kabla ya Rusk. Mshale mmoja umekwama kwenye nane, mwingine kwenye nne. Rusk msimu huu kashinda mechi ngapi? Nane. Kafungwa ngapi? Nne. Nani ana ufunguo wa kile chumba cha saa? Kittredge.

— Lonnie, Goti akamwambia taratibu, hiyo saa ilipigwa na radi.

— Ndivyo walivyotuambia.

Bi Sophal alitoka na jagi la kahawa, akaanza kutujazia vikombe. Mama huyu ametoka Kambodia, yuko hapa miaka thelathini na hajawahi kuingia uwanjani hata siku moja. Siku ya mechi anauza donati mia sita kabla ya saa nne asubuhi, basi, mpira kwake unaishia hapo.

— Kashinda nane katika kumi na mbili, akasema. Mimi nikiuza vizuri siku nane katika kumi na mbili, namshukuru Mungu.

— Si hesabu tu, mama, Goti akamweleza. Alifungwa na Brandt.

— Mara ngapi?

— Mara moja. Lakini nyumbani.

— Eeh. Akamjazia Kibao kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, kahawa ikamwagikia benchi, hakuifuta. — Na vile vibao vyenu? Mbona hamvitaji?

Rada akafunga simu yake.

Niseme, maana nilikuwepo. Hapa kwetu kuna mchezo mbaya, na tunauita utani. Kocha akifungwa, watu wanakwenda kumchomekea kibao cha INAUZWA kwenye nyasi za nyumba yake, ajue mji umeshamfungia mizigo. Kwa kawaida ni kimoja au viwili, vimeibwa kwa madalali. Baada ya kufungwa na Brandt, Kibao alisema vya kuibwa ni aibu kwa mji wenye fundi. Akaingia gereji kwake, akaandika arobaini kwa mkono, herufi nyekundu zenye mikia, kazi safi kabisa. Jumapili asubuhi, Rusk na familia yake wakiwa kanisani, tulivichomeka vyote. Pikapu ilikuwa yangu. Goti alihesabu, Rada akapiga picha. Picha ile ilifika kwenye televisheni ya Tulsa jioni hiyo hiyo, na siku ya pili yake Kittredge akasimama mbele ya waandishi akasema chuo kimesikia sauti ya mashabiki wake.

Sauti yenyewe ilikuwa wazee wanne waliokosa kazi ya kufanya.

— Mimi nilimlenga Rusk, Kibao akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. — Wade sikumgusa. Kila mtu alisema Wade atabakizwa. Wakimbiaji wake ndio waliotubeba. Kocha mpya huwa anabakiza mmoja.

— Nani alisema? Bi Sophal akauliza.

— Watu.

— Watu gani?

Kibao alitutazama mmoja mmoja.

— Hawa, akasema. Hapa hapa.

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilisema, na mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi. Nimepokea fomu za kubadilisha anwani za makocha wa chuo hiki tangu enzi za Goti. Ninyi mnaona kocha mmoja anaingia kwenye gari. Mimi niliona majina ya watu thelathini: wake zao, watoto, bibi mmoja aliyekuwa akiletewa dawa za moyo kwa posta. Desemba wanaandika anwani mpya, na Desemba nyingine wanaandika tena. Nilikuwa nagonga muhuri. Kisha nikaendesha pikapu.

— Hattie kajua? Goti akauliza.

— Wade anasema kamuuliza kama Montana kuna babu.

Goti alianza kulisugua goti lake. Rada akafungua simu akaitazama ndege ya chuo, ambayo ilikuwa imelala bandani.

Hapo likasimama gari la familia lenye namba za Ohio, masanduku yamefungwa juu ya paa. Akashuka mama wa miaka thelathini na kitu, nywele amezifunga haraka haraka, na nyuma ya kioo walionekana watoto wawili wamelala wameegemeana. Alitusalimu kwa adabu, akamwomba Bi Sophal kahawa, akatugeukia.

— Samahani wazee wangu. Natafuta mwenye nyumba moja mtaa wa Mulberry, ile ya bluu. Dereva wa lori la taka kaniambia nije niulize kwenye benchi hili, eti nyie mnajua kila mtu.

Nyumba ya bluu ya Mulberry ni ya Carlene. Hakuna aliyemwangalia Kibao.

— Mume wangu ni mwalimu wa walinzi kwa kocha mpya, akaendelea. Tumefika jana, tuko hotelini. Nimeona kibao cha kuuza, kizuri sana, kimeandikwa kwa mkono, herufi nyekundu zina mikia. Ila ni kitu cha ajabu, hakina namba ya simu. Nimekizunguka pande zote mbili. Mtu anauza nyumba bila kuweka namba?

Kibao aliweka kikombe chini. Vile arobaini havikuwa na namba, kwa sababu havikuuza kitu. Rusk alivirundika pembeni mwa barabara, na sote tulidhani vimekwenda na taka. Kumbe Carlene alikwenda kuokota kimoja. Anaujua mkono wa baba yake tangu alipokuwa anajifunza kusoma.

— Umebisha hodi? nikamuuliza yule mama, ili tu mtu aseme kitu.

— Nimebisha. Nadhani wamo, maana pazia lilisogea, ila hawakufungua. Siwalaumu. Na mimi nimeshawahi kujificha nyuma ya pazia. Akanywa kahawa kidogo. — Hii ni nyumba yetu ya sita katika miaka tisa. Nyuma nimeona bembea, nguzo zimemwagiwa zege. Nikamwambia mume wangu, aliyejenga hii hakuwa mtu wa makocha. Sisi bembea yetu ni ya kufungua kwa spana.

— Ni ya babu wa mtoto, Goti akasema, kisha akajutia mdomo wake.

— Basi pole yake huyo babu.

Kibao alikuwa anaitazama mikono yake. Bado ilikuwa na rangi nyekundu kwenye kucha, ile isiyotoka hadi kucha zikue.

— Naomba niwaulize jambo jingine, yule mama akasema, na sauti yake haikuwa ya shari. Nyie ni watu wa mpira, mmeona mengi. Huyu Kocha Rusk alikosea nini hasa? Nataka nimwambie mume wangu, yeye na kocha wake wasije wakarudia kosa hilo.

Nilisubiri Rada ataje ndege. Nilisubiri nyasi, saladi, saa. Vyote tulikuwa navyo mdomoni dakika kumi tu nyuma.

— Hakukosea kitu, mama, Kibao akasema.

— Hakukosea?

— Alifungwa mechi moja ambayo sisi hatukuipenda.

Yule mama alimtazama kwa muda. Alikuwa mwerevu, nadhani alielewa zaidi ya alilojibiwa, maana aligeuka akawatazama wanawe kwenye gari. Hakuuliza tena habari za mpira.

— Hiyo namba mnaweza kunisaidia?

Kibao alichomoa kalamu yake nene mfukoni, ile anayotembea nayo tangu ujana. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaandika namba ya bintiye kwa kichwa bila kutazama popote, na mkono ulikuwa umetulia kama wa kazini. Kila tarakimu ikapata mkia wake. Akampa.

— Mpigie sasa hivi, akasema. Wewe huenda akakupokea.

Yule mama aliitazama ile karatasi, akaishika vizuri zaidi, akamtazama mzee aliyeiandika. Sina shaka kwamba mikia ile aliikumbuka. Akatoa simu, akabonyeza zile namba, akaiweka sikioni, akasubiri. Tukaisikia inaita. Mara ya tatu ikapokelewa. Sauti ya Carlene ikatoka, nyembamba, ikisema halo.

Yule mama akasema anaulizia nyumba ya bluu, akasikiliza, kisha akafunika simu kwa kiganja, akainama kwa Kibao.

— Anauliza namba nimepewa na nani. Nimwambie nani?

Kibao alifungua mdomo. Bi Sophal, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi tupu, alirudi ndani akafunga mlango polepole. Kwenye simu sauti ya Carlene ikauliza tena, halo, ni nani kakupa namba hii, na sisi wanne, tunaomjua kila mtu katika mji huu, tukakaa kimya hadi akakata.