Ndege Aliyepigiwa Simu

Kijiwe cha Masunga, fundi baiskeli wa barabara ya Dutwa, huchangamka kahawa ya kwanza ikimiminwa. Asubuhi hiyo Maige alikuwa amenuna. Yeye ndiye ningi wa kundi la ngoma la Bagika, mtunzi na mwimbishaji wao, na kesho wanacheza ngoma dhidi ya wapinzani wao Bagalu, lakini wa wimbo mpya hana hata mstari mmoja. Kila akijaribu, yanatoka yale yale ya mwaka jana. Jamani, kuna aibu inayozidi hiyo?

Ili kumchangamsha, Mwalimu Paschal, Mluguru aliyehamishiwa Bariadi, akatoa simu akaonyesha picha ya chozi, ndege wa msitu wa milimani kwao: kichwa kijani kinachometa, kifua chekundu, tumbo la njano.

— Huyu kapakwa rangi, akasema Masunga. Mwalimu, unatupiga kamba.

— Kwetu yuko nyuma ya jiko la mama!

— Maige, bandika manyoya yake kwenye kofia, akadakia Nassib muuza kahawa. Bagalu wote watahamia kwetu.

— Manyoya wapi! Masunga akabisha. Rangi ile anainywa kwenye ukungu wa huko milimani. Nyunyizia ngoma ukungu huo, inajipiga yenyewe.

— Ng'ombe akiunywa je? akauliza Nassib.

— Anatoa maziwa ya njano, tena yana sukari tayari!

Maige akacheka bila kupenda. Harieth, nesi mgeni mjini aliyekuwa akisubiri pancha yake izibwe, akachungulia picha.

— Samahani kaka zangu. Anaimbaje?

Masunga akaikodolea macho spana yake.

— Anaimba... vizuri, akasema Mwalimu.

— Vizuri vipi? Maige akamkazia. Si umekua naye!

Mwalimu akaona haya. Akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ya juu.

— Shikamoo mama. Yule chozi yupo? Hebu sogeza simu dirishani tumsikie.

— Marahaba. Miezi mitatu hunipigii, Paschal. Leo unampigia ndege?

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mwalimu akainamisha kichwa, na macho yake hayakuwa makavu. Kisha sauti nyembamba ya ndege ikaja simuni, haraka haraka, ikipanda na kukatika. Maige akaidaka, akayatia humo maneno ya mama:

— Miezi mitatu hunipigii, leo unampigia ndege...

Masunga akagonga rimu kwa spana. Nassib akaitikia, hata Harieth.

— Paschal, mama akaita, hao wanaoimba ni nani?

— Wenzangu, mama. Wanakuimba wewe.

— Basi usikate.