Bi Radhia wa Kaunta ya Kwanza, Ofisini kwa Wali

Bi Radhia binti Safwan alistaafu Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia ofisi ya Wali, yaani mkuu wa wilaya yetu, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi saba. Wasifu wa Kiarabu umeshasomwa ukumbini na wakubwa, nao ulikuwa mzuri, na mrefu. Huu wa Kiswahili ameuomba mwenyewe usomwe chakulani. "Ule wa Kiarabu umenisifu mno," aliniambia, "nnataka na mtu anayenijua aseme."

Basi nasema. Bi Radhia alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazee wake akiwa na miaka saba. Aliingia ofisini Machi 1992 akiwa mpiga chapa, akawa karani wa majalada, na mwaka 1999 akakaa kaunta ya kwanza, ile ya mlangoni. Hakuhama tena. Mara mbili alipewa cheo cha ghorofa ya pili, na mara mbili akakikataa. Alidai huko juu hakuna watu, kuna viyoyozi tu.

Asiyewahi kukaa mlangoni kwa Wali hajui watu huja na nini. Huja na kelele za gereji za mtaa wa Ghala, mbuzi wa jirani, kiwanja cha marehemu, harusi iliyovunjika. Kazi ya Bi Radhia ilikuwa kumwambia kila mtu mlango wake, na kwa kuwa hakupenda kumtuma mtu bila kumweleza sababu, kaunta yake iligeuka darasa. Sultani ndiye mkuu wa nchi, na mawaziri anawateua yeye. Nchi ina mikoa, kila mkoa na muhafidhi wake anayeuongoza. Mkoa una wilaya, kila wilaya na Wali wake. Na Wali husaidiwa na masheikh wa koo. Hao hawapigiwi kura. Wanaopigiwa kura ni wajumbe wa Majlis Shura, wanaojadili sheria na kuwahoji mawaziri, na wajumbe wa baraza la manispaa, wanaopeleka mapendekezo ya barabara, taa na mifereji. Majlis Dawla nayo hukaa pamoja na Shura kuzipima sheria, lakini wajumbe wake huteuliwa. "Ukitaka sheria, nenda kwa mtu wa Shura," alikuwa akisema. "Ukitaka mfereji, mtu wa Shura atakupa kahawa tu."

Siasa zetu pia alizieleza bila kuzipaka sukari. Vyama hapa hakuna. Mgombea husimama kwa jina lake, kwa ukoo wake, na kwa idadi ya misiba aliyohudhuria.

Mwanafunzi wake bora ni Eufrasia, anayetutengenezea chai tangu 2016. Eufrasia alipotoka Bukoba, wakala alimwambia atafanya kazi ofisi ya wali. Akaja siku ya kwanza na aproni mpya na mwiko mkononi. "Shikamoo mama. Wali uko wapi nianze?" Bi Radhia alimtazama, akautazama mwiko, akajibu kwa heshima zote, "Marahaba mwanangu. Wali yupo mkutanoni. Ila haliwi." Kisha wote wawili wakacheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini. Leo Eufrasia anaeleza tofauti ya Shura na Dawla vizuri kuliko makarani wawili ninaowajua, na mmoja wao ni mimi.

Lakini nisipoeleza habari ya bonde la Sidra, nitakuwa sikusema kitu.

Sidra ni kitongoji kidogo nyuma ya milima ya upande wa Qantab. Barabara yake hukatiza bonde, na mvua ikinyesha maji hushuka kwa hasira na kitongoji kizima hubaki ng'ambo. Mzee wao, Loai, alikuwa akiandika barua kila mwaka, miaka tisa mfululizo, akiipeleka moja kwa moja kwa mjumbe wa Shura, aliyejibu kwa maneno matamu. Mwaka 2022 basi la wanafunzi lilinaswa katikati ya bonde. Watoto kumi na wanne walitolewa kwa kamba, mmoja mmoja. Hakuna aliyefariki, lakini safari hiyo Mzee Loai hakuandika barua, alikuja kwetu. Alikaa tu mbele ya kaunta.

Bi Radhia alimletea maji, kisha akamuuliza nani anawawakilisha kwenye baraza la manispaa. Mzee Loai hakujua. Sidra nzima haikuwahi kupiga kura ya baraza hilo. Uchaguzi ulikuwa Desemba, na kura ni za simu, kwa kadi ya kitambulisho.

Ijumaa tatu Bi Radhia alikwenda Sidra kwa gari lake, akakaa na wanawake, akakaa na wazee, akawafundisha kujiandikisha na kuisomesha kadi kwenye simu. Alichukua na biskuti. Wiki ya tatu likaja shtaka: mpwa wa mgombea mmoja ameandika kwamba mtumishi wa serikali anampigia kampeni mgombea mwingine. Hilo halikuwa jambo la kucheka. Likithibitika, kazi imekwisha, na miaka thelathini imekwenda nayo. Nilimwona siku ile akipanga vitu vyake kwenye mkoba, hata kalamu.

Afisa aliyetumwa kuchunguza alikuwa Bwana Osama, ambaye sasa ni mkuu wetu na ameketi meza ya mbele, kwa hiyo nitasema kweli tupu. Alifika Sidra akitarajia kumkuta mgombea mmoja midomoni mwa watu. Alikuta watano. Nyumba zinazotazamana zilikuwa hazisalimiani. Mzee Loai na mkewe walikuwa wamegawana sebule, kila mmoja na picha ya mtu wake ukutani, na mke akamwambia Bwana Osama, "Bi Radhia katufunza vipi kupiga kura. Nani wa kumpigia, tunagombana wenyewe, alhamdulillahi."

Bwana Osama alirudi, akasimama mbele ya kaunta ya kwanza, akajaribu kukaza uso. "Bi Radhia, kama ulikuwa ukipiga kampeni, wewe ndiye mpiga kampeni mbovu kuliko wote Oman." Shtaka likafutwa. Mkoba ukafunguliwa. Eufrasia akapiga vigelegele jikoni, na sisi wengine tukasahau kabisa kwamba tuko kazini.

Aliyeshinda hakuwa wa Mzee Loai wala wa mkewe, jambo lililoleta amani nyumbani. Lakini wagombea wote watano walikuwa wameshakanyaga bonde lile kwa miguu yao kuomba kura, na mshindi hakuweza kusema hakuliona. Pendekezo la daraja likapita kwenye baraza, likapanda mkoani, daraja likajengwa. Mvua ya kwanza baada yake, watu wa Sidra walitoka na miavuli na vibirika vya kahawa kutazama basi likivuka juu ya maji. Dereva alilazimishwa kuvuka mara tatu. Bi Radhia alikuwemo ndani, kiti cha mbele, anapunga mkono kama bibi harusi.

Sasa habari mpya kabisa. Alituaga Alhamisi, tukalia vizuri. Jumapili asubuhi, siku yetu ya kwanza ya kazi, mlango ukafunguliwa, akaingia na buibui jipya, akachukua namba kama watu wote, akasubiri zamu yake, akaja kwangu. "Nimekuja kama mwananchi," akasema. "Nnataka kujua masharti ya kugombea baraza la manispaa." Nilimweleza. Nilikosea mawili, akanisahihisha.

Bi Radhia, ahsante kwa kila mtu uliyemwonyesha mlango wake, na sisi tukiwemo. Mungu akujaalie afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na miguu isiyochoka, maana nyumba za kubisha hodi ni nyingi.

Buthaina, kaunta ya pili