Bi. Auleria Kokuberwa, Aliyetandika Meza Akala Jikoni

Ndugu wafiwa, majirani wa Chanika na waombolezaji wote: wakubwa shikamooni, wadogo poleni. Kabla ya yote naomba tusahihishe ratiba mliyonayo mkononi. Ukurasa wa pili, palipoandikwa "Kazi: mama wa nyumbani", pana kosa, na mchapaji asilaumiwe. Kwenye kikao cha Alhamisi, wifi yake marehemu, Bi. Eliaichi, aliuliza, "Sasa kwenye kazi tutaandika nini? Si alikuwaga anakaa tu na vitambaa vyake?" Wakubwa wakatikisa vichwa, likaandikwa hilo. Akaongeza kwamba wasifu asipewe Jesca, binti wa kaka yake marehemu. "Kenyewe kaliacha chuo mwaka wa pili, kataandika nini cha maana?" Hapo Bwana Benson, mume wa marehemu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimbishia dada yake, akasema, "Atasoma Jesca." Basi Jesca anasoma.

Marehemu Auleria Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne wa Mzee Sebastian Rwegoshora na Bi. Paskazia, ambao wote wametangulia. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka, na inasemekana Auleria alijua kusuka kabla hajajua kuhesabu. Ugomvi hakuujua kabisa. Akikosewa alichukua sindano.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akapelekwa kwa masista kujifunza kushona, kufuma na kudarizi. Mtihani wa mwisho ulikuwa kitambaa cha meza chenye maneno "Karibu Mgeni". Auleria alidarizi vizuri kuliko wote, maua pembeni, herufi zimenyooka. Sista alipokigeuza akakuta nyuma, kwa uzi mwembamba: "Siku ya tatu mpe jembe."

"Auleria! Nani kakufundisha ujeuri huu?"

"Si ujeuri, Sista, ni methali."

"Na kwa nini umeiweka nyuma?"

"Mgeni hageuzi kitambaa, Sista."

Alipata alama za juu na adhabu ya kufyeka majani, vyote siku moja. Naomba waombolezaji walishike hilo neno la kugeuza, tutalirudia.

Mwaka 1984 alipanda meli hadi Mwanza, akapanda treni hadi Dar es Salaam, akapanga chumba Tandika. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, nanyi wenye kalamu mnaweza kuandika juu ya lile kosa: fundi wa vitambaa na mpambaji wa meza. Kipaimara, ubarikio, send-off, Pasaka, Krismasi. Nusu ya Temeke imekula juu ya mkono wake. Hakununua pambo hata moja. Magamba makavu ya migomba aliyasuka yakawa vikapu vya mkate. Vipande vya mpingo alivyookota kwa wachongaji wa Mwenge vikawa vishikio vya mishumaa. Mtu akimsifu alisema, "Takataka ni kitu ambacho hakijapata mwenyewe."

Bwana Benson Ngowi, wakati huo karani wa ghala Kurasini, alifika Tandika kuagiza vitambaa sita vya makochi.

"Kaka, una makochi mangapi?"

"Nina kiti kimoja."

"Sasa vitambaa sita vya nini?"

"Ili nirudi mara sita."

Walifunga ndoa takatifu tarehe 22 Novemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Margareta na Benjamin. Mwaka 2004 walihamia hapa Chanika, kwenye nyumba hii ambayo mapazia yake mnayaona.

Marehemu alipenda safari. Kila Desemba ukoo wa Ngowi ulipanda kwenda Moshi, naye akaenda, ingawa nafasi yake ilikuwa nyuma kabisa, kati ya jiko la gesi na mkungu wa ndizi. Wakifika Mombo wote walishuka kula nyama choma. Bi. Eliaichi alikuwa akisema, "Wifi, wewe baki na mizigo." Alibaki. Akiwa na mizigo alidarizi. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kile kitambaa kikubwa cheupe cha meza ambacho wengi mnakijua. Pindo lake ni safari zake zote: meli ya Mwanza, treni, mkonge wa Korogwe, Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Katikati kuna maduara ya maua, na kila duara ni mahali pa sahani moja.

Bi. Eliaichi alipomaliza nyumba ya Mbweni, Krismasi ilihamia huko. Marehemu alifika na kitambaa chake, mishumaa na vikapu, akatandika meza ambayo watu waliipiga picha kabla ya kuisalimia. Krismasi ya mwaka 2016 walikuwepo wageni kutoka ofisini kwa Bi. Eliaichi. Mmoja akashika pindo.

"Jamani, hiki umekitoa wapi?"

"Uturuki," akasema Bi. Eliaichi. "Safari yangu ya Istanbul."

"Na huu mlima?"

"Huko nako kuna milima."

"Tena kazi ya mkono wa mtu kabisa!"

Marehemu alikuwa amesimama nyuma yao na hotipoti la pilau. Akasema taratibu, "Waturuki nao wana mikono, dada." Akaweka hotipoti chini, akatafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na watu. Bi. Eliaichi akamwambia, bila hata kugeuka, "Wifi, wewe kula jikoni tu, kwani wewe ni mgeni?" Bwana Benson naye alisema neno lake, ila huyo ni mfiwa, leo tumwache. Marehemu alikula amesimama, sahani juu ya friji. Hakulia. Jesca alikuwepo, anaosha sufuria, akamwona anatabasamu. Jesca akaogopa, kwa sababu ile ya jembe alikuwa ameshasimuliwa.

Januari yake akaanza. Katikati ya kila duara, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, alidarizi sentensi moja. Hakutunga. Hakutukana. Alichukua maneno ambayo mwenye kiti kile alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe, akayaandika yalivyo, na jina chini yake. Kila Krismasi akatandika, akaweka sahani juu ya maneno, wenyewe wakaja wakakaa, wakasali, wakala. Mwaka hata mwaka. Hakuna aliyeona, kwa sababu moja tu: meza ile ilikuwa na watu wa aina mbili, wanaokaa na wanaoondoa sahani. Mgeni hageuzi kitambaa, nao waliokaa hawakuwahi kuinua sahani maishani mwao. Sie tulioinua tulisoma, tukakunja kitambaa, tukaenda kuosha vyombo tukicheka mpaka povu linaingia puani.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na matatizo ya figo. Alitibiwa kwa uvumilivu mkubwa katika hospitali moja ya mjini, akihudumiwa na watoto wake na mume wake, ambaye alijifunza kupika uji uzeeni na akaunguza sufuria tatu. Bi. Eliaichi alifika mara moja, akapiga picha na mgonjwa, akaiweka kwenye grupu la ukoo. Macho ya marehemu yalipopungua nguvu, Jesca alimtungia uzi kwenye sindano naye akadarizi kwa kupapasa. Siku zake za mwisho alisema, "Jesca, siku nikiondoka watakitaka kitambaa. Usikifiche, wape. Ila sahani uziweke wewe." Pia alikataa kupelekwa Moshi. "Mnizike Chanika. Safari na wale nimeshasafiri, inatosha." Alilala katika Bwana Jumatano tarehe 10 Desemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Alisema kweli. Siku ya pili ya msiba Bi. Eliaichi alisimama katikati ya akina mama akatangaza, "Wifi naye kachagua mwezi. Krismasi hiyo hapo, na kitambaa changu cha Uturuki kiko kwenye sanduku lake, nilimwachiaga afue. Nakichukua." Bwana Benson aliinamisha kichwa. Margareta alitaka kujibu, Jesca akamkanyaga mguu. Kitambaa kikachukuliwa. Dakika nyingi hazikupita kikarudi mikononi mwa Jesca: "Kipige pasi, ukitandike meza kuu ya wakubwa, watu wa ofisini kwangu wanakuja. Tutakaa kama tunavyokaaga Krismasi." Ndugu zangu, kuiba ameiba, kupiga pasi ameagiza.

Jesca amepiga pasi. Kitambaa kimetandikwa leo asubuhi chini ya turubai, kila sahani katikati ya duara lake, na tukitoka makaburini ndipo wakubwa watakapokula. Duara moja tu halina sahani, lile la kichwani mwa meza. Ndani yake hamna sentensi, kuna jina: Auleria, kwa uzi mwekundu. Hilo alilidarizi mwisho. Kiti chake kipo, asikikalie mtu.

Kuhusu mwenye kitambaa, hatutabishana msibani. Yakionekana maneno ya Kituruki, Bi. Eliaichi akichukue, na Jesca ataomba radhi mbele yenu. Yakionekana ya Kiswahili, na sauti zikajulikana, kitambaa kitabaki kwa Margareta, na ile kazi kwenye ratiba itaandikwa upya kwenye msalaba. Anayetaka kukikunja mapema ruhusa anayo, ila itabidi kwanza ainue sahani.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, binti mmoja wa kaka yake, na wifi mmoja. Tunawashukuru waganga na wauguzi, Jumuiya Ndogo Ndogo, na majirani mliokesha nasi.

Tangazo la mwisho ni la chakula. Wakubwa wa meza kuu, mkimaliza kula msisubiri mtu. Aliyekuwa anaondoa sahani ndiye huyu tunayekwenda kumzika, kwa hiyo leo kila mmoja atainua ya kwake. Watu wa ofisini karibuni sana, mje na miwani.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Shangazi apumzike kwa amani, na leo vyombo waoshe waliokaa.