Mama Temaleti na Mfuko wa Kimbunga

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba naiogopa tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo Mama Temaleti Vainikolo, mhasibu wa shule yetu hapa visiwani Ha'apai, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kesho yake msimu wa vimbunga unaanza.

Alianza akiwa karani wa karo. Mfuko wa kimbunga, akiba ya kukarabati shule baada ya dhoruba, aliukuta mtupu, akaujaza kwa mauzo ya mikeka na karamu za wazazi. Jua likiwa bado linawaka, alikwenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kupatana bei ya mabati na mbao mapema, maana baada ya kimbunga bei hupaa pamoja na mapaa. Ndiyo sababu, kimbunga kilipoezua madarasa yetu, shule nyingine zilikuwa bado zinasubiri meli ya msaada kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, sisi tukifanya mtihani chini ya bati jipya.

Kazi ngumu zaidi ilikuja kila mwaka kabla ya misinale, sadaka ambayo kanisani husomwa jina la kila mtoaji na alichotoa. Hakuna anayetaka kusomewa kidogo. Kila mwaka kulikuwa na mjumbe wa kamati ya shule aliyetaka mfuko utoe sadaka hiyo kwa jina la shule, ujazwe baadaye. Mwaka jana alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Kaveinga, aliyemtania kwamba anazikalia fedha kama kuku anayeatamia mayai.

"Sawa, mzee wangu, mimi kuku," akajibu. "Mungu hatatucheka kwa kutoa kidogo. Lakini paa likiondoka, wajukuu zako ndio watakaolowa."

Kisha akampakulia majani ya magimbi yaliyopikwa kwa nyama na tui. Aliyenyimwa fedha na Mama Temaleti hakurudi nyumbani na njaa.

Mama, asante kwa kila hapana. Pumzika, suka mikeka yako, na kila upepo mbaya upite mbali na mlango wako.

Mwezi huu alipoanza likizo yake ya mwisho, pendekezo la kutoa fedha za mfuko lilirudi. Niliomba kiti cha mwanafunzi kwenye kamati, ambacho hakuna aliyekitaka. Jumanne Mzee Kaveinga aliuliza kama kuna anayepinga. Niliinua mkono. Nikasema hapana, nikaeleza habari za mabati, nikaketi. Mwalimu wa hesabu naye akainua mkono kupinga, kisha wengine. Fedha zimebaki.