Kiti cha Mchochea Tanuri

Majira ya baridi ya mwaka 1983, katika tramu, treni ndogo ya mitaani, ya mji wa Brno, mzee Hrubeš, mchochea tanuri wa kiwanda, alimpisha kiti Zdislava, mwanafunzi wa uhandisi mitambo aliyekwenda kufanya mtihani wa themodinamiki, sayansi ya joto na kazi, kwa mara ya tatu na ya mwisho. “Kiti utakilipa kwa jibu, binti. Msimamizi wa kiwanda anadai joto la tanuri langu linapotea kwa uzembe wangu. Kweli?”

“Swali hilohilo limeniangusha mara mbili, mzee.”

“Msomi mzima? Mimi najua tu kwamba nikifunga maji ya kupoozea, injini ya mvuke inayoendeshwa na tanuri langu inalegea.”

Kwa vituo vitatu binti alichora kwa kidole, kwenye kioo chenye ukungu, tanuri, injini na bomba la maji. Nami, niliyeketi nyuma yao, niliuheshimu mchoro huo kuliko hotuba nyingi. Tramu iliposimama mbele ya chuo, aliinuka.

“Si uzembe wako, mzee. Hakuna injini igeuzayo joto lote kuwa kazi. Lazima sehemu yake ichukuliwe na maji baridi. Haya, kiti chako hicho.”