Nusu Inchi ya Hemedy

Basi la asubuhi la kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa lilikuwa na nafasi tele, ndiyo maana Mama Zaitun alijitandaza na viroba vyake vya mbaazi kwenye siti yote ya nyuma. Mbele yake kijana aliyejiita Hemedy alikuwa akimweleza jirani yake, nesi wa Mnero, kwamba kazi ya ulinzi mgodini inataka futi tano na inchi sita, na yeye alikuwa amepungukiwa nusu inchi. "Miezi mitatu nimening'inia kwenye mkorosho, sista. Mgongo umenyooka, sasa nimefika."

"Huwa unajipima saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya kwenda shamba."

"Alfajiri kila mtu ni mrefu, mdogo wangu. Ukilala mgongo unaachia; ukishashinda na jembe unabanana, jioni umerudi palepale. Mifupa ya mtu mzima hairefuki."

Hemedy alinywea. Mama Zaitun naye alishangaa kwamba ameishi miaka hamsini bila kuambiwa kuwa kila asubuhi ni mrefu.

"Leo wanapima saa ngapi?" nesi akauliza.

"Saa mbili na nusu."

"Basi usikae. Lala!"

Mama Zaitun hakungoja kuombwa. Alishusha viroba, akapangusa siti kwa kanga. "Njoo, mwanangu, jinyooshe."

"Kwa hiyo mkorosho umenisaidia au haujanisaidia?" Hemedy aliuliza akiwa chali.

Kabla nesi hajajibu, basi lilisimama Ruangwa. Hemedy akataka kuinuka, Mama Zaitun akamkandamiza kifuani. "Tulia wewe. Utashuka wa mwisho."

Kisha akashuka yeye, shingo ameinyoosha, maana bado ilikuwa asubuhi.